Kashata za boga bichi kwa baridi ya Mbeya

Boga bichi linaliwa. Naanza na hilo kwa sababu huku kwetu boga ni la kuchemsha na chumvi kidogo, au la kuponda na karanga, basi. Mtu akikukuta jikoni unalikwaruza na kulitia mdomoni hivyo hivyo atakuuliza kama gesi imeisha. Haijaisha. Kila msimu natengeneza kashata za boga bichi, nyingi za nyumbani kwangu Uyole na nyingine kidogo za kuwauzia watu wa maofisini pale Mafiati, na wengi wao hawajui kama ndani mna boga mpaka niwaambie.

Msimu wenyewe ni mwezi wa tano kwenda wa saba. Mahindi yakishakauka shambani, maboga yaliyotambaa chini yake tangu mvua za mwishoni mwa mwaka yanabaki wazi, na barabara yote ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu inajaa mafungu. Bei inashuka hadi mtu unaona aibu kuomba upunguziwe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani maboga yao hukomaa Septemba na Oktoba, kabla baridi yao haijaingia, na wao ndio wenye mapishi mengi ya kulila bichi. Yanatufaa, ila lazima uyahamishie huku. Wao wana lozi, sisi tuna karanga. Wao wana friji kubwa, sisi tuna Juni ya Uyole, ambayo usiku ni friji tosha.

Kinachoamua kama kashata itashikana au itakuwa uji ni maji. Ndani ya boga maji yanakaribia sehemu tisa katika kumi. Kwenye sufuria maji hayo yanaondoka na mvuke, wewe huyaoni. Usipopika yanabaki, na utayakuta kesho yake chini ya bakuli. Kwa hiyo karibu kila nitakachokuambia hapa, kuanzia sokoni, ni habari ya maji.

Sokoni usichukue boga kubwa kwa sababu ni kubwa. Makubwa mepesi mara nyingi yana nyuzi nyingi na nyama yenye majimaji. Ni ya mbuzi au ya nguruwe. Chukua la wastani ambalo ukilinyanyua linakuzidi uzito uliotarajia. Tazama kikonyo: kiwe kikavu, kigumu, kimebaki kwenye boga. Lisilo na kikonyo lina kidonda pale juu na litaanza kuoza hapo hapo. Bonyeza ganda kwa kucha. Kucha ikizama, boga halijakomaa. Ligeuze uone sehemu iliyolalia udongo. Ikiwa ya njano iliyoiva, sawa, ikiwa nyeupe, lilichumwa mapema. Kwa maboga yanayotoka juu, Kitulo, Makete na milima ya Njombe, papasa ganda zima utafute sehemu laini, kwa sababu boga lililopigwa na sakitu, yaani umande ulioganda, linaoza kimyakimya kutoka ndani.

Yale madogo yenye shingo, ya rangi ya maziwa ya chai, ndiyo bora kuliko yote kwa kula bichi: nyama yake imeshikana, tamu, haina nyuzi. Ya kienyeji ya kijani yenye mabaka nayo yanafaa, mradi ndani yawe na rangi ya chungwa iliyokolea. Lenye nyama ya njano iliyopauka lichemshe tu.

Halafu boga lililokaa ni tamu kuliko lililochumwa jana, kwa sababu wanga wake unageuka sukari taratibu likiwa limehifadhiwa. Nina bibi ninayenunua kwake soko la Uyole, naye hili analijua kuliko mtu yeyote.

"Shikamoo bibi. Nitafutie lililokaa, nataka la kula bichi."

"Marahaba mjukuu wangu. Bichi? Kwani wewe mbuzi?"

"Mbuzi anakula maganda, bibi. Mimi nataka nyama."

Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa moja lenye vumbi ambalo hakuwa ameliweka na mengine. "Hili lipo ndani tangu mwezi uliopita. Ukiona si tamu, nirudishie." Sijawahi kumrudishia. Ndaga fijo, bibi, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Ukipata ya jana, usijali. Yapange ndani mahali pakavu penye hewa, juu ya mkeka au mbao, yasigusane, uyaache wiki mbili tatu. Boga zima lenye kikonyo chake linakaa hata miezi miwili au mitatu kwa hali yetu ya hewa. Ila usinunue vile vipande vilivyokwisha katwa na kupangwa kwenye meza. Ni vya kuchemsha vile. Vimekaa na vumbi la bajaji na nzi tangu asubuhi, na sisi hatutakuwa na moto wa kuua chochote.

Na hili la usafi nalisema kwa kirefu kidogo, mnivumilie. Boga limelala chini miezi kadhaa, juu ya udongo, pengine juu ya samadi. Kisu kinapopita kwenye ganda kinaingiza ndani kila kilichopo nje. Ukichemsha, moto unakusamehe. Ukila bichi hakuna wa kukusamehe. Losha boga zima kwa maji yanayotiririka na brashi ya kufulia uliyoitenga kwa kazi hiyo, usuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ulifute likauke, ndipo ulipasue. Ubao uwe mkavu, usiwe ule wa nyama. Mikono na kucha, unajua mwenyewe.

Kabla ya kumenya lote, kata kipande kidogo uonje. Kiwe na utamu wa mbali na harufu ya tango. Kikiwa kichungu, tema na utupe boga zima, hata kama ulilinunua kwa hela yako ya mwisho. Uchungu ule ni kemikali iitwayo kukabitasini, inatapisha na kuharisha, na hata ukilipika haiondoki. Si jambo la kila siku. Linatokea zaidi kwa maboga yaliyojiotea yenyewe jalalani, ambayo hujui yamechavushwa na nini. La shambani lililotokana na mbegu nzuri mara nyingi halina tatizo, lakini kuonja ni kazi ya sekunde tatu.

Menya, toa utumbo na mbegu (mbegu weka pembeni, tutazirudia), kisha likwaruze kwa upande wa matundu madogo wa kikwaruzio cha karoti. Matundu makubwa yanatoa nyuzi ngumu zinazokwama kwenye meno, na nyama ya boga bichi si laini kama unavyodhani. Unataka vikombe viwili vilivyojaa. Nyunyizia chumvi, robo kijiko cha chai, changanya kwa vidole, acha robo saa. Chumvi inayaita maji. Ukirudi utakuta boga limelegea na chini ya bakuli pana maji ya rangi ya chungwa.

Sasa lifunge kwenye kitambaa safi cha pamba ulikamue kama unavyokamua tui. Zungusha kitambaa, bana, zungusha tena. Unapodhani maji yamekwisha, pumzika kidogo, kisha kamua mara nyingine. Duru hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa yale mazito. Ukifungua, vikombe vyako viwili vimebaki kikombe kimoja, kikavu, kinachomomonyoka ukikigusa. Kama bado kinang'aa kwa maji, hujamaliza. Maji yaliyotoka usiyamwage. Yakamulie ndimu, tia tangawizi, yanywe hapo hapo wakati unaendelea na kazi. Yana chumvi kidogo, yana utamu kidogo, na hayangoji mpaka kesho.

Vitu vingine unavyohitaji ni hivi: kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda, nusu kikombe cha kokwa za mbegu za maboga, kikombe kimoja cha tende zilizotolewa kokwa, iliki punje nne au tano, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, iliyokwaruzwa, na nazi iliyokunwa ikakaushwa, au ufuta, kwa kuvingirishia nje.

Najua kuna watakaosema: umetuambia bichi, karanga za kukaanga zimetoka wapi? Ubichi ninaoutetea ni wa boga. Karanga mbichi kwangu zina ladha ya maharage na tumbo la watu wengi halizipendi, kwa hiyo nazikaanga, na sioni sababu ya kujitesa. Ambaye kwake lazima kila kitu kiwe kibichi aziloweke usiku kucha, aziache zikauke vizuri, aendelee. Muhimu kuliko ubishi huo ni kuzichambua. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au uchungu, toa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kukaanga, na ukishatwanga hutaiona tena.

Mimi natumia kinu. Blenda inafanya kazi, lakini ukiisahau kidogo tu inageuza karanga kuwa siagi na kashata zinateleza. Twanga iliki kwanza, utoe maganda yake. Tia karanga na kokwa za maboga, twanga polepole mpaka ziwe chengachenga, si unga. Ukiona ukuta wa kinu umeanza kung'aa mafuta, simama hapo. Tia mdalasini na tangawizi, kisha tende chache chache. Tende zikiwa ngumu, ziloweke dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu na uzikaushe kwa kitambaa, maana tumeshapigana na maji ya boga, hatutaki kuyarudisha kwa mlango wa nyuma. Mchi utaanza kuwa mzito na mchanganyiko utakuwa unashikana na kuachia kinu. Hapo ndipo boga linaingia, la mwisho kabisa, na halitwangwi. Lichanganye kwa mkono. Ukilitwanga litatoa maji yaliyobaki na zile nyuzi za rangi ya chungwa, ambazo ndizo uzuri wa kashata yenyewe ukiipasua, zitapotea.

Kipime kiganjani. Bana donge, fungua mkono. Likibaki na alama za vidole vyako bila kulowesha kiganja, liko tayari. Likifunguka na kusambaa, ongeza karanga kijiko kimoja kimoja. Likimomonyoka, ongeza tende moja. Halafu onja, kwa sababu maboga hayafanani, na hapa ndipo unapoamua kama linataka chumvi zaidi au ndimu. Mimi huwa namalizia na matone ya ndimu. Bila hayo utamu wa tende unafunika kila kitu.

Viringisha madonge ya ukubwa wa limau dogo, yapitishe kwenye nazi au ufuta, yapange kwenye sinia. Wengine wanapenda kashata ya kukata: basi tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, gandamiza kwa mgongo wa kikombe, kata pembenne. Zote zinahitaji kupumzika saa mbili mahali pa baridi ili zigande. Juni hapa kwetu unaziweka dirishani zikiwa zimefunikwa. Aliye Kyela au Mbarali atumie friji, joto la huko halina utani.

Tende zina tabu yake: nje ya Ramadhani sehemu nyingine za nyanda za juu huzioni, au unazikuta zimekauka dukani. Zabibu kavu za Dodoma zinachukua nafasi yake vizuri, kwa kipimo hicho hicho, ila punguza ndimu. Asali nayo inafaa, vijiko vitatu vya chakula badala ya tende zote, lakini asali ni ya majimaji, kwa hiyo ongeza karanga nusu kikombe na ujue kashata zitakuwa laini. Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulamba. Na tafadhali, usizikaze kwa unga wa ngano wala unga wa lishe. Unga mbichi si chakula. Nao unaweza kuwa na vijidudu, na ule wa lishe umetengenezwa upikwe.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, kwa hiyo nitaje mengine kwa haraka. Ya pili ninayoipenda ni krimu ya boga na parachichi: nusu kikombe cha boga lililokamuliwa, parachichi moja lililoiva, ndizi mbivu moja, asali kijiko, na kijiko cha kakao. Mwenye ndugu Kyela amwombe kakao iliyokaushwa, aikaange kidogo, aimenye, aitwange. Ina uchungu wa kiungwana ambao kakao ya kopo haina. Saga vyote kwenye blenda mpaka viwe laini kabisa. Ile siku hiyo hiyo. Parachichi la Rungwe au la Njombe halijali sifa zake, likifika jioni linakuwa jeusi tu.

Ya tatu ni vipande vya kukausha juani. Menya boga kwa kisu cha kumenyea viazi ili upate vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, vikande kwa ndimu, tangawizi na asali kidogo, vipange kwenye ungo, funika kwa neti. Jua la Juni hadi Agosti huku ni kali na hewa ni kavu. Siku mbili au tatu zinatosha. Ingiza ndani kabla ya jua kuzama, umande ukivikuta umeanza upya. Viko tayari vikipinda bila kuvunjika na bila kutoa unyevu ukivibana. Iringa mjini na Usangu hili ni rahisi. Tukuyu usijaribu. Mimi ni mzaliwa wa huko, nazungumza kwa mapenzi, lakini ule ukungu utakuotesha uyoga kwenye ungo.

Mbegu ulizoweka pembeni zioshe zile nyuzi zote zitoke, ziloweke usiku kwenye maji ya chumvi, zianike kwenye ungo. Si kwenye gazeti, zitagandana nalo. Zikikauka, kumenya ni kazi ya jioni, nayo nawaachia watoto kwa masharti kwamba wanachokula kisizidi wanachoweka bakulini. Masharti hayo hayafuatwi. Sawa tu, kwa sababu katika boga lote kokwa ndizo zenye nguvu zaidi: gramu 100 za kokwa kavu zina protini takriban gramu 30, pamoja na magnesi na zinki.

Kuhusu afya nitasema ninachokiamini, si cha kuuzia. Ile rangi ya chungwa ni beta karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Ndiyo maana kila nilichokuelekeza hapo juu kina karanga, kokwa, nazi au parachichi. Boga bichi peke yake na glasi ya maji halikusaidii sana. Anayekuambia bichi ni bora kwa kila kitu anakudanganya, maana kupika kunalegeza nyama ya boga na kuifanya beta karotini ipatikane kwa urahisi zaidi. Bichi linalinda vitamini C inayopotea kwenye moto, na linakuokoa na sukari ile ya kashata za kawaida. Lakini tende ni sukari vilevile. Mwenye kisukari asije akala sita kwa sababu jirani alimwambia ni za afya. Moja, pamoja na chai isiyo na sukari, na aihesabu. Hata mwenye afya zake asizidishe mbili tatu kwa mara moja mwanzoni, tumbo lisilozoea boga bichi linajaa gesi. Watoto wadogo wape zilizotwangwa vizuri zaidi, punje ya karanga isibaki nzima.

Kashata hizi hazikai sana. Kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji, siku tatu hadi nne. Ukiona zimeanza kutoa harufu ya chachu au utelezi, tupa. Zikiwa zimelainika tu lakini bado zinanukia vizuri, zichemshe ndani ya uji wa asubuhi. Hapo hata yule aliyekuuliza habari za gesi atakula na kuongeza.